Mwalimu Nyerere na Barua za Kazi

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike, kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani, habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, ili wale wanaokalia sasa madawati tuliyoyakalia sisi wapate jambo la kutafakari. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wapo watakaosema kwamba habari zake tumezisoma tangu shule ya msingi. Ni kweli. Lakini tulizisoma kama habari za Rais. Mimi nataka kuzieleza kama habari za mtu aliyeletewa kazi mara kadhaa katika maisha yake, na kila mara akalazimika kuitazama njia, kuhesabu maili na shilingi, na kuwafikiria watu wa nyumbani, ndipo akaamua.

Nimelichagua jambo hilo kwa sababu linatugusa sana sisi watu wa Bashay. Anayeijua nchi yetu ya Mbulu hahitaji kuelezwa. Tunakaa juu, penye baridi na rutuba, na kila atokaye au aingiaye hana budi kupanda au kushuka. Ukishuka Magara kwenda kwenye Bonde la Ufa, ukipitia Dareda kwenda Babati, ukielekea Karatu au ukikata kwenda Haydom, masika yakishika udongo hugeuka utelezi na magari hulala njiani. Kwa hiyo barua ya kazi ikimfikia kijana wetu, furaha ya nyumbani haidumu hata jioni moja. Mama hamwulizi kwanza atalipwa kiasi gani. Humwuliza huko kunafikwaje. Hali kadhalika, wapo walimu na wauguzi waliopangiwa kuja kwetu kutoka pwani, wakafika Mbulu mjini wakati wa mvua, wakaulizia njia iliyobaki, kisha wakageuza. Hasara ya jambo hilo madarasa yetu yanaijua.

Basi tumwangalie huyu mwenzetu aliyetutangulia.

Kambarage alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Nyanza, tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Wanafunzi wasidhani kwamba mtoto wa mtemi wa kabila dogo alilelewa kitajiri. Alichunga mifugo kama tulivyochunga sisi, na alikuwa anakaribia umri wa miaka 12, mwaka 1934, ndipo alipopelekwa kuanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kutoka Butiama hadi Musoma ni maili 26 hivi, yaani zaidi ya kilomita 40. Siku hizo mtoto hakungoja basi. Safari ya shule ilikuwa safari ya miguu, na akisha kufika alikaa bwenini mpaka likizo.

Alifaulu vizuri sana, na mwaka 1937 akapata nafasi katika Shule ya Serikali ya Tabora. Kijana wa Musoma aliyekwenda Tabora wakati ule alipanda meli kuvuka ziwa hadi Mwanza, kisha treni kuelekea kusini. Alikaa Tabora miaka sita. Mwaka 1942 Mtemi Burito alifariki. Mwaka uliofuata Kambarage aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwezi Desemba 1943 akabatizwa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Julius. Nawaomba wanafunzi walikumbuke jambo moja hapo: kabla hajapewa kazi yoyote, kijana huyu alikwisha kuzoea kwamba kitu chema kiko mbali, na kwamba umbali ni gharama inayolipwa. Hakuona ajabu kuilipa.

Mwaka 1945 alimaliza Makerere akiwa na diploma ya ualimu. Hapo ndipo zilipokuja barua za kwanza za kazi, nazo zilikuwa mbili kwa pamoja. Moja ilitoka kwa shule ya serikali aliyosoma mwenyewe Tabora. Nyingine ilitoka kwa shule ya Mtakatifu Maria, mjini humo humo Tabora, ambayo Mapadri Weupe walikuwa ndio kwanza wanaijenga. Njia ya kwenda huku na kule ilikuwa ile ile. Njia zikilingana, kwa kawaida fedha ndiyo inayoamua, na serikali ndiyo iliyokuwa na fedha. Kazi ya serikali ilikuwa na pensheni, na kijana yule alikumbushwa kwamba miaka atakayofundisha katika shule ya misheni haitahesabiwa katika pensheni hiyo. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba onyo hilo, badala ya kumvuta, lilimsukuma upande wa pili. Alikwenda shule ya Mtakatifu Maria, akafundisha Baiolojia na Kiingereza.

Alikuwa na miaka 23. Kijana wa umri huo kuikataa pensheni si ajabu sana, maana uzee huuona mbali mno. Lakini tukitazama yaliyofuata tunaona kwamba hakuikataa kwa kutojali. Alikuwa ameanza kuzoea desturi yake ya kuiuliza kazi yenyewe kwanza ni kazi gani, na malipo baadaye.

Mwaka 1949 ilikuja barua nyingine. Safari hii haikuwa ya kazi bali ya masomo: nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata nafasi ya namna hiyo. Tufikirie ilikuwa na maana gani. Alikuwa na kazi anayoipenda na mshahara. Baba yake alikwisha kufariki, na huko Butiama alikuwako mama yake pamoja na ndugu waliomtazamia. Naye alikuwa na mchumba. Kukubali kulikuwa na maana ya kuiacha kazi na kukaa miaka mitatu mahali ambapo mtu hawezi kurudi nyumbani kwa msiba wala kwa harusi. Alikubali. Mwaka 1952 alipata shahada yake ya M.A., na mwezi Oktoba mwaka huo akarejea Tanganyika.

Alilolifanya aliporejea lafaa kusomwa na kila kijana aliyepata shahada. Hakukimbilia ofisini. Alikwenda Butiama, akakanyaga udongo, akafyatua matofali na kujenga nyumba kwa mikono yake. Mwezi Januari 1953 alimwoa Bibi Maria Waningu. Ndipo akaifuata kazi iliyokuwa ikimngojea, nayo ilikuwa mbali na nyumba hiyo kwa zaidi ya kilomita 1,000: kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Alitanguliza mambo ya nyumbani, akaweka paa, kisha akashika njia. Wengi wetu hufanya kinyume chake. Huondoka kwanza, kisha hutuma ahadi.

Sasa nafika Pugu, mahali ninapopenda wasomaji wangu wakae kwa muda mrefu kidogo, maana ndipo suala la kazi na njia lilipokuwa gumu kuliko pote.

Pugu iko juu ya vilima, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji wa Dar es Salaam. Kwa mtu wa leo mwenye pikipiki hilo si jambo. Mwaka 1953 lilikuwa jambo kubwa. Mwezi Aprili mwaka huo, miezi michache tu baada ya kuanza kazi, Mwalimu alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani T.A.A., kilichokuwa na ofisi yake katika mtaa wa New Street, ambao sasa unaitwa Lumumba. Tangu siku hiyo akawa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa Pugu, nayo ilikuwa na mshahara, nyumba na wanafunzi. Ya pili ilikuwa mjini, nayo haikuwa na mshahara wala kiti cha maana. Katikati ya kazi hizo mbili palikuwa na zile kilomita 20.

Husimuliwa kwamba mara nyingi alikwenda mjini kwa miguu mwisho wa juma. Wanafunzi na wafanye hesabu. Mtu anayetembea vizuri huenda kilomita tano kwa saa. Kwenda ni saa nne, kurudi ni saa nne. Ukiongeza mkutano wa saa tatu, siku yote imekwisha. Na mwalimu yeyote anajua kwamba Jumatatu asubuhi daftari za wanafunzi hazikubali udhuru. Lazima ziwe zimesahihishwa. Mwalimu aliyabeba hayo kwa miaka miwili. Wenzake wa mjini, akina Abdulwahid Sykes, walimpokea, walimlisha, na alipochelewa walimlaza. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana katika habari za mashujaa mara nyingi tunamwona mtu mmoja akitembea peke yake, tukasahau kwamba mwisho wa safari palikuwa na mlango ulio wazi na chakula mezani.

Tarehe 7 Julai, 1954, T.A.A. iligeuzwa kuwa TANU, naye akawa rais wake. Kazi ya pili ikazidi kuwa nzito. Mwanzoni mwa 1955 wanachama walichanga fedha, mzee John Rupia akiwa mmoja wa waliosaidia sana, ili Mwalimu aende New York kuieleza hali ya Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alizungumza huko mwezi Machi 1955. Aliporudi, wenye shule walimtaka achague: ama kufundisha, ama siasa. Mwezi huo huo aliandika barua ya kuacha kazi.

Mara nyingi uamuzi huu huelezwa kana kwamba ulikuwa rahisi, kwa kuwa sisi tunajua mwisho wake. Tuutazame kama ulivyokuwa siku ile. Alikuwa na miaka 32, karibu 33. Alikuwa na mke na familia changa. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule. Chama kilikuwa hakijatimiza mwaka mmoja na hazina yake haikuweza kulipa mshahara wa mtu mwenye shahada. Serikali ilikiangalia chama hicho kwa jicho baya. Wala hakuwa na gari. Lau angekuwa ndugu yetu, watu wengi wa ukoo wangemkalisha chini chini ya mti na kumwuliza kama ana akili timamu.

Kwa maoni yangu, njia ya Pugu ndiyo iliyomfundisha jibu. Kwa miaka miwili alikuwa ameipima kwa miguu yake. Alijua kwamba mtu anaweza kuvumilia njia ndefu kwa ajili ya kazi moja, lakini njia ile ile haiwezi kubeba kazi mbili kwa muda mrefu bila moja kuharibika. Ama wanafunzi wangepunjwa, ama chama kingedumaa. Hakutaka kupokea mshahara wa kazi anayoitumikia kwa nusu ya moyo. Na alipoichagua ile isiyo na mshahara, hakujifanya kwamba njaa haipo. Aliichukua familia yake, akarudi Musoma, akapata kipato kwa kumfundisha Kizanaki mmisionari mmoja wa shirika la Maryknoll na kusaidia kazi ya kutafsiri. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya halali, iliyokuwa karibu na nyumbani, na ilimpa pumzi ya miezi kadhaa. Mwezi Oktoba 1955 alirudi Dar es Salaam, akaanza safari ambazo hazikukoma.

Tangu hapo njia ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Kwa Land Rover ya chama alizunguka majimbo, katika vumbi na matope, wakati ambapo barabara ya lami ilikuwa kitu cha mjini. Mwaka 1957 gavana alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Hiyo ilikuwa kazi yenye heshima, tena ya kukaa mjini. Aliikubali, akaijaribu, na baada ya miezi michache, mwezi Desemba 1957, akajiuzulu, kwa kuwa aliona mapendekezo yake hayasikilizwi na kukaa kwake humo hakuwasaidii waliomtuma. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa maandishi aliyoyatoa kuhusu mabwana wilaya wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Alilipa akaendelea na safari.

Wasomaji wa Mbulu hawatanisamehe nikiliruka jambo la mwaka 1960. Katika uchaguzi wa mwaka huo TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu ndicho kilichoiponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu, ambako Bwana Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda Chifu Amri Dodo aliyesimamishwa na chama. Basi hata mtu aliyezunguka nchi nzima alikuta huku kwetu juu watu wenye mawazo yao. Nalieleza hili bila majivuno, lakini pia bila aibu.

Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru, na Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Wiki sita tu baadaye, tarehe 22 Januari, 1962, alijiuzulu, akamwachia Bwana Rashidi Kawawa nafasi hiyo, akarudi barabarani. Wengi walishangaa. Kazi kubwa kuliko zote nchini ilikuwa mikononi mwake, ikiwa na ofisi, gari na dereva, naye akaiacha ili apite vijijini kukijenga upya chama na kueleza maana ya uhuru. Kwa mtu aliyekwisha kuiacha Pugu, uamuzi huo haukuwa mgeni. Lilikuwa swali lile lile likiulizwa kwa mara nyingine: kazi yenyewe iko wapi? Akaona haiko Ikulu bali vijijini, basi akaifuata huko. Mwezi Desemba 1962 alirudi akiwa Rais wa Jamhuri. Hata alipokuwa Rais hakuiacha miguu yake. Mwezi Oktoba 1967, kuunga mkono Azimio la Arusha, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200.

Sitakuwa mkweli nikikomea hapo, maana gazeti letu halikuanzishwa kwa ajili ya sifa tupu. Mtu huyu aliyekuwa huru kuchagua njia zake, serikali yake baadaye iliwaondoa mamilioni ya watu katika makazi yao. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Wazee wa Mbulu na Hanang wanaikumbuka miaka hiyo. Wapo waliopata shule, zahanati na bomba la maji karibu kuliko zamani. Wapo pia waliohamishwa kwa nguvu, nyumba na mashamba yakabaki nyuma. Anayeondoka kwa hiari yake, hata kama njia ni mbaya, huwa na nguvu ya kuivumilia. Anayeondoshwa hana nguvu hiyo, hata akipelekwa hatua chache. Hilo nalo ni fundisho kwa yeyote atakayekuja kuwapangia wenzake vituo vya kazi.

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka katika urais, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi. Alirudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, katika hospitali ya St Thomas, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huo. Mtu aliyeanza maisha kwa kutembea kutoka Butiama alirudishwa Butiama.

Je, haya yanatusaidia nini sisi wa Bashay?

Mwaka jana kijana mmoja aliyesoma shule hii alinijia nyumbani na barua mkononi. Aliniamkia, akaketi, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali panapofikwa kwa boti. Alipewa siku 14 za kuripoti. Mama yake ni mjane, ana ng'ombe watatu na shamba la mahindi na maharage. Nauli ya kufika huko tu ilikuwa imemshinda. Aliniuliza kama akatae.

Mimi sikumpa jibu, maana barua haikuwa yangu. Nilimweleza habari za Pugu, kisha tukaketi na karatasi. Tuliandika nauli yote, tangu basi la Mbulu hadi boti ya mwisho. Tuliandika chakula cha mwezi wa kwanza kabla mshahara haujaingia. Tuliandika nani atakayemkamulia mama ng'ombe na nani atakayempeleka hospitali akiugua. Mwishowe nilimwuliza swali moja: wagonjwa wa kijiji hicho, wewe usipokwenda, nani atawahudumia? Alifikiri sana. Alikwenda kwa mjomba wake wakakubaliana habari za ng'ombe, ndugu wakamchangia nauli, naye akaondoka siku ya tisa. Sasa yuko huko. Anasema ziwa likichafuka wanakaa hata siku nne bila boti, na kwamba amezalisha akina mama ambao zamani wangejifungulia njiani.

Lakini nitaje na upande wa pili, ili nisidhaniwe kwamba nahubiri safari kwa kila mtu. Binti mmoja wa hapa hapa Bashay alipata kazi ya ualimu kusini kabisa mwa nchi, wakati baba yake amelala kitandani na hana ndugu mwingine aliyekua. Alifanya hesabu ile ile, na hesabu ikamwambia abaki. Alichukua kazi ya kujitolea katika shule ya karibu, kwa posho isiyotosha hata sabuni. Alimwuguza baba yake mpaka mwisho, na leo ni mwalimu mzuri. Yeye naye alifanya kama Mwalimu alivyofanya mwaka 1955 aliporudi Musoma kufundisha Kizanaki. Kuna wakati wa kuishika njia, na kuna wakati wa kukaa karibu na nyumbani ukivuta pumzi.

Mimi mwenyewe nilipoanza ualimu nilipangiwa shule iliyo chini ya ukuta wa bonde, katika mwezi wa Aprili. Lori lilinasa kabla hatujafika nusu ya mteremko. Nilishuka, nikatia viatu ndani ya sanduku la bati, nikajitwika, nikaenda pekupeku. Nilifika nimechelewa siku mbili, na mwalimu mkuu akanipa maziwa ya moto kabla hajaniuliza jina. Watoto wa shule hiyo hawakuwa na mwalimu wa hesabu tangu Januari. Nilikaa nao miaka sita. Sijui kama wao wanaikumbuka mvua ya siku ile. Mimi nakumbuka kwamba Jumatatu iliyofuata tulianza sehemu na desimali.

Kwa hiyo, wanangu mnaosoma kidato cha nne, barua zitakuja. Nyingine zitawapeleka Kigoma, nyingine Mtwara, nyingine kwenye kijiji cha pili tu lakini njia yake ni mbaya kuliko ya Mtwara. Msiikatae kazi kwa kuisikia njia yake kwa watu. Nendeni mkaulize nauli, mkaulize miezi ya mvua, mkaulize chumba cha kulala. Tengenezeni nyumbani kabla ya kuondoka, kama aliyekanyaga udongo wa nyumba yake kabla ya kwenda Pugu. Jiulizeni ni nani anayewangojea huko. Na mkisha kukubali, muitumikie kazi hiyo kwa moyo wote. Mkiona hamwezi tena, mwachie mwingine nafasi kwa heshima, wala msile mshahara wake mkiwa mahali pengine.

Nanyi wenzangu wa zamani mlio na kazi, magari na nyumba mijini, mnao wajibu wenu. Mwalimu alitembea kutoka Pugu, lakini mjini palikuwa na mlango uliofunguliwa. Kijana wa Bashay akifika Arusha au Dar es Salaam usiku, na basi lake linaondoka alfajiri, asilale stendi akiwa na barua ya kazi mfukoni. Napendekeza mkutano wa mwaka huu uunde mfuko mdogo wa nauli kwa wanafunzi wetu wanaokwenda kuripoti kazini kwa mara ya kwanza, watakaorudisha fedha hizo wakianza kulipwa, ili zimfae mwingine. Hali kadhalika, mwalimu mgeni akipangiwa kuja shuleni kwetu wakati wa masika, tumpelekee mtu wa kumpokea Mbulu mjini kabla hajaanza kuulizia njia. Mimi nitatoa mchango wangu wa kwanza siku hiyo ya mkutano, na nitamletea mweka hazina kabla ya chakula cha mchana.